Miezi sita bila chupa: ini jipya apewe nani?

Wengi wetu tumeshaingizwa kwenye kundi kama hili. Unaamka asubuhi unakuta umeunganishwa WhatsApp, jina la kundi ni "Matibabu ya Kaka", na picha ni ya mtu aliyevaa suti, iliyopigwa harusini kabla hajakonda. Katibu wa michango anaandika kwamba mgonjwa yuko wodini, tumbo limejaa maji, macho ya njano, madaktari wanasema ini limeisha, inabidi India. Michango inaanza kutajwa: laki, elfu hamsini, "Mungu amponye". Halafu saa nne usiku mtu mmoja, mara nyingi shemeji, anatupia: "Samahanini ndugu zangu, lakini huyu si aliambiwa aache pombe tangu mwaka juzi?" Kundi zima kimya. Tiki za bluu zinaongezeka, hakuna anayejibu.

Shemeji hajakosea kuuliza. Swali lake limewagonganisha madaktari, wanafalsafa na kampuni za bima huko Marekani na Ulaya kwa zaidi ya miaka 40: mtu ambaye ini lake limeharibiwa na pombe, apewe jingine? Kwa muda mrefu jibu lilikuwa fupi, na wengi bado wanalijua hilo tu: akae miezi sita bila kunywa, ndipo tuzungumze. Ukilisikia unaona ni haki tupu. Ukilichambua unakuta maswali mawili yamefungwa kamba moja, na kila moja lina jibu lake.

Tuanze na ini lenyewe. Pombe unayokunywa, sehemu kubwa huvunjwa na ini. Katika kuivunja huzaliwa kemikali iitwayo asetaldehaidi, yenye sumu kuliko pombe yenyewe, na seli za ini ndizo zinazoipokea kwanza. Karibu kila mnywaji mzito hujaza mafuta kwenye ini. Akiacha, mafuta hayo huondoka ndani ya wiki chache. Kwa wengine ini huanza kuvimba, na kila linapojiponya linaacha kovu, kovu juu ya kovu, mpaka linakuwa gumu na lenye vinundu. Hiyo ndiyo sirosisi. Damu inashindwa kupita, maji yanajaa tumboni, mishipa ya koo la chakula inavimba na siku ikipasuka mtu anatapika damu beseni zima. Sumu zikipanda kichwani anaanza kuongea yasiyoeleweka, na majirani wanasema amerogwa.

Lakini kati ya wanywaji wazito 100, wanaofika kwenye sirosisi ni kama 10 hadi 20. Wanaume wawili wanaweza kukaa meza moja ya baa miaka 20, wakanywa chupa kwa chupa, mmoja akavimba tumbo na mwingine akaenda kumzika. Kuna vinasaba ndani yake, kuna unene, kuna virusi vya hepatitisi B au C ambavyo mtu hajui kama anavyo, na mwanamke hudhurika kwa kiasi cha pombe kilicho kidogo kuliko cha mwanamume. Hapa niseme jambo kwa wanaohukumu kwa macho: si kila tumbo la maji ni la pombe. Katika ukanda wetu hepatitisi B ni chanzo kikubwa cha maini kuharibika, na kichocho cha kanda ya Ziwa nacho kinaweza kujaza tumbo la mtu ambaye hajawahi kuonja hata mbege. Na kwa wanaosema ni gongo au chang'aa tu ndiyo mbaya, whisky ya dukani haina tofauti na gongo mbele ya ini. Gongo iliyochanganywa na methanoli ina balaa lake jingine, ya kupofusha na kuua ndani ya siku mbili tatu.

Sasa, ini likiachwa bila pombe linaweza kukushangaza. Wapo waliofika hospitali na tumbo kama la mjamzito wa miezi tisa, wakaacha kabisa, na baada ya muda maji yakakauka, njano ikatoka, wakafutwa kwenye orodha ya kupandikizwa kwa sababu hawakuhitaji tena. Nafuu kubwa huanza kuonekana ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Kwa hiyo swali la kwanza lililofichwa ndani ya miezi sita ni la kitabibu: je, ini hili litajiponya lenyewe? Hilo ni swali zuri. Hakuna anayetaka kumpasua mtu operesheni ya saa nyingi na kumnywesha dawa maisha yake yote kama angepona kwa kuacha tu.

Swali la pili ni la tabia: je, huyu ataweza kukaa bila pombe baada ya kupewa ini la mtu mwingine? Hapo ndipo historia inapokuwa na kelele.

Upandikizaji wa ini kwa binadamu ulijaribiwa mara ya kwanza mwaka 1963 huko Denver, Marekani, na daktari Thomas Starzl. Mgonjwa, mtoto mdogo, alifariki. Ilichukua miaka mingine minne kupata wa kwanza aliyeishi muda wa maana. Mwaka 1983 wataalamu walikutana Bethesda, Marekani, na kukubaliana kwamba hii sasa ni tiba, si jaribio tena; kwa wenye ugonjwa wa pombe wakaweka mlango mwembamba, wa wachache tu wanaoonekana wataacha. Miaka mitano baadaye Starzl, ambaye wakati huo alikuwa Pittsburgh, alichapisha matokeo ya wagonjwa wake wa sirosisi ya pombe. Waliishi sawa na wagonjwa wengine. Hoja kwamba ni kupoteza maini ikaanza kuyumba.

Ndipo wakaja wenye hoja ya haki. Mwaka 1991 madaktari Alvin Moss na Mark Siegler waliandika kwamba maini hayatoshi, hivyo aliyejiharibia mwenyewe akae nyuma ya yule aliyepatwa na ugonjwa bila kosa. Mwaka huohuo wanafalsafa Carl Cohen na Martin Benjamin wakawajibu, kwa ufupi: hospitali haina mizani ya kupima dhambi. Kama unaanza na mlevi, umalizie na aliyenenepa mpaka ini likajaa mafuta, na aliyemeza vidonge vya paracetamol kopo zima baada ya ugomvi wa mapenzi. Hao hupandikizwa bila kuulizwa cheti cha tabia. Mimi nadhani Cohen na Benjamin walishinda hoja, ila walishindwa mtaani. Mwaka 1997 vyama vya wataalamu wa Marekani viliiweka miezi sita katika vigezo vya chini vya kuingia kwenye orodha, kampuni za bima zikaishika kama mtu anayeshika tawi mafurikoni, na kanuni ikasafiri dunia nzima.

Wapenda mpira wanamkumbuka George Best, winga wa Manchester United. Alipandikizwa London mwaka 2002, mwaka uliofuata akaonekana baa, na Novemba 2005 akafariki akiwa na miaka 59. Magazeti ya Uingereza yalimgeuza kuwa ushahidi: unaona sasa, ini limepotea bure. Mwanamuziki David Crosby, aliyewahi kuzama kwenye pombe na dawa za kulevya na kupata hepatitisi C, alipandikizwa mwaka 1994 na akaishi mpaka Januari 2023, akafa mzee wa miaka 81. Yeye hakugeuzwa ushahidi wa lolote. Anayeteleza anaonwa na wote. Anayekaa sawa miaka 28 ni mtu tu anayekwenda kliniki.

Kilichoivunja kanuni hasa ni ugonjwa mmoja ambao hauna subira. Unaitwa hepatitisi kali ya pombe. Mnywaji ambaye pengine hajawahi kulazwa, siku moja anaamka macho manjano, ndani ya wiki chache ini linaanguka. Anapewa steroidi, dawa za kutuliza uvimbe. Siku ya saba madaktari wanachukua vipimo na kuviingiza kwenye hesabu iliyobuniwa Lille, kaskazini mwa Ufaransa: umri, rangi ya njano imeshuka kiasi gani tangu siku ya kwanza, figo zikoje, damu inaganda vipi. Alama ikifika 0.45 au kuzidi, maana yake steroidi hazijasaidia, na wengi wa hao, kama robo tatu, hawafikishi miezi sita. Kumwambia mtu kama huyo akae miezi sita kwanza ni kumpangia mtihani tarehe ambayo atakuwa kaburini.

Kikundi cha hospitali saba za Ufaransa na Ubelgiji, kikiongozwa na Philippe Mathurin wa Lille, kikaamua kujaribu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Wagonjwa 26 ambao steroidi zilishindwa walipandikizwa bila kungoja. Baada ya miezi sita, asilimia 77 walikuwa hai. Kwa wenzao wa hali ileile ambao hawakupandikizwa, asilimia 23. Watatu kati ya 26 walirudia kunywa, wa kwanza wao karibu miaka miwili baada ya operesheni.

Kinachonivutia kwenye utafiti ule ni jinsi walivyochagua, kuliko hata takwimu zenyewe. Ilikuwa lazima ugonjwa uwe umempata mtu kwa mara ya kwanza, maana aliyeshaonywa na ini lake akaendelea hakuingia. Ndugu wa karibu wawepo na waonekane. Kisha wauguzi na madaktari wa wodi wakae, mtaalamu wa uraibu akae, daktari mkuu wa ini akae, wapasuaji na watu wa usingizi wakae, na makundi yote yakubali. Moja likikataa, imekwisha. Muuguzi aliyemwona mgonjwa anamfokea mkewe saa nane za usiku alikuwa na kura sawa na profesa. Waliovuka chujio hilo walikuwa chini ya asilimia 2 ya waliolazwa na ugonjwa huo. Kwa hiyo anayesema "Wafaransa wamethibitisha walevi wapandikizwe tu" hajasoma. Na anayesema "mlevi hapandikizwi" hajasoma pia.

Marekani wakafuata. Mwaka 2018 hospitali 12 ziliweka pamoja kumbukumbu za wagonjwa 147 waliopandikizwa bila kungoja miezi sita: asilimia 94 walikuwa hai baada ya mwaka mmoja, asilimia 84 baada ya mitatu. Waliogusa pombe tena, hata glasi moja, walikuwa asilimia 25 kwa mwaka wa kwanza na 34 kufikia wa tatu. Ugonjwa wa ini wa pombe sasa ndio sababu inayoongoza ya kupandikiza ini nchini humo, nafasi iliyokuwa ya hepatitisi C kabla dawa mpya za virusi hivyo hazijapatikana.

Mimi si mshabiki, kwa hiyo niseme na upande wa pili. Wafaransa na Wabelgiji wenyewe walirudi mwaka 2022 na utafiti mkubwa zaidi, wakilinganisha waliopandikizwa mapema na waliosubiri angalau miezi sita. Ndani ya miaka miwili, waliorudia kunywa walikuwa asilimia 34 kwa waliowahishwa na 25 kwa waliosubiri, na unywaji mzito ulikuwa 22 dhidi ya 5. Pengo hilo la mwisho si dogo. Lakini idadi ya waliokuwa hai ilikaribiana sana pande zote mbili. Kwa hiyo kusubiri kunachuja kweli baadhi ya watakaorudia. Tatizo ni kwamba kunachuja pia watu ambao wangeacha, kwa kuwaua.

Kipi basi kinaonyesha nani ataacha? Kalenda peke yake ni shahidi dhaifu. Wataalamu wa uraibu huangalia kama mtu anakubali kwamba pombe ndiyo iliyomfikisha hapo, au bado anasema ni malaria sugu. Huuliza ameshaingia soba hausi mara ngapi akatoka na kurudia, kama kuna bangi au heroini pembeni, kama kuna sonona isiyotibiwa, ana kazi gani, analala na nani nyumba moja. Baada ya operesheni kuna vipimo visivyodanganyika kirahisi: kimoja cha damu kinaonyesha unywaji wa wiki mbili hadi nne zilizopita, kingine cha mkojo kinashika siku chache. Vizuri vitumike kumwahi mtu alipoteleza mara ya kwanza. Hospitali inayovitumia kama trafiki mwenye tochi kichakani huishia kufundisha wagonjwa kudanganya.

Maana upandikizaji hautibu uraibu. Mtu amebadilishiwa ini, kiu imebaki ya zamani. Zipo dawa za kupunguza hamu ya pombe kama naltreksoni na akamprosati, na baklofeni iliyojaribiwa hata kwa wenye sirosisi, lakini daktari ndiye achague kulingana na hali ya ini. Na mnywaji wa kila siku asiachishwe ghafla nyumbani kwa kufungiwa chumbani, kama baadhi ya familia zinavyofanya kwa nia njema. Anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, kupata degedege na kufa. Jambo jingine ambalo familia huwa hazitegemei: kwa waliopandikizwa kwa sababu ya pombe, miaka ya mbele wanaouawa na saratani za mdomo, koo na mapafu, au moyo, ni wengi kuliko wanaouawa na pombe iliyorudiwa. Wote wanalinda chupa, hakuna anayeuliza pakiti ya sigara mfukoni.

Turudi kwenye kundi letu. Mabishano yote haya ya Ulaya na Marekani yamejengwa juu ya kitu kimoja ambacho sisi hatuna: foleni. Kule maini mengi hutoka kwa waliofariki, yanagawiwa kitaifa, na Marekani tangu mwaka 2002 anayetangulia ni aliye hoi zaidi kwa mujibu wa alama za damu. Ndiyo maana suala la "fulani anamkosesha mwenzake" lina maana kwao. Hapa Afrika Mashariki figo zinapandikizwa, Muhimbili walianza mwaka 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma mwaka uliofuata, lakini ini bado ni safari. Johannesburg na Cape Town kuna vituo. Wengi wetu tunaelekea India, na India mgonjwa wa kigeni kwa kawaida hupewa kipande cha ini la mtu aliye hai.

Ini ni kiungo cha ajabu kwa hilo. Mtoaji hukatwa upande wa kulia, kama asilimia 60 ya ini lake, na kilichobaki kinakua ndani ya wiki na miezi mpaka kukaribia ukubwa wa awali. Mgonjwa wa kilo 70 anahitaji kipande cha angalau gramu 560 hivi. Mtoaji awe na kundi la damu linalokubaliana, asiwe na mafuta mengi kwenye ini, asiwe na hepatitisi. Atakaa hospitali kama wiki moja na hatarudi kazi nzito kwa miezi kadhaa. Na anaweza kufa. Makadirio yanayotajwa sana kwa upande wa kulia ni watu 2 hadi 5 kati ya kila 1000.

Sheria ya India ya mwaka 1994, iliyorekebishwa 2011, inataka mtoaji awe ndugu wa karibu: mume au mke, mzazi, mtoto, kaka au dada wa damu, babu au bibi, mjukuu. Hapa ndipo neno letu "ndugu" linapogonga mwamba. Mtoto wa baba mdogo, uliyekula naye sahani moja na kumwita kaka maisha yako yote, hamo kwenye orodha ile. Njia yake inapita kwenye kamati ya idhini inayotaka kujua kwa nini hasa anatoa, isije ikawa amenunuliwa. Ubalozi nao unatakiwa kuthibitisha undugu, na familia zinajikuta zikihangaika na vyeti vya kuzaliwa vya watu waliozaliwa kijijini mwaka 1979 bila cheti. Raia wa India aliye hai haruhusiwi kumpa mgeni, isipokuwa awe ndugu yake wa karibu.

Kwa hiyo ile kamati ya Lille, yenye muuguzi na profesa, kwetu imehamia sebuleni kwa mama. Hakuna mgeni anayeporwa nafasi. Anayeombwa ni mdogo wake mgonjwa, yule wa miaka 27, asiyekunywa, mwenye mtoto mchanga, ambaye mara ya mwisho kuonana na kaka yake alitukanwa na kuombwa elfu kumi. Wajomba wamekaa. Mama hasemi kitu, anamwangalia tu. Shemeji aliyeuliza swali WhatsApp yuko kwenye kiti cha plastiki mlangoni, na safari hii hana la kuuliza, maana mdogo mtu ndiye anayelibeba: akirudia pombe, atairudia juu ya ini langu? Mimi naona ana haki ya kuuliza kwa sauti, na mgonjwa ana wajibu wa kumjibu macho kwa macho, mbele ya mtaalamu wa uraibu, kabla tiketi hazijakatwa. Miezi mitatu au sita ya kuacha, kama ini linampa muda huo, hapa ina kazi ya kueleweka: inampa mtoaji kitu cha kushika mkononi.

Vituo vinavyofuata taratibu vina hatua moja ambayo familia nyingi hazijui kama ipo. Mtoaji huitwa peke yake. Mama anabaki nje, wajomba wanabaki nje, hata mgonjwa hayupo. Anayemhoji si daktari wa kaka yake, ni mwingine ambaye kazi yake ni kumlinda yeye. Anaulizwa: wewe mwenyewe unataka? Akisema hataki, hata kama ni dakika ya mwisho kabla ya usingizi, mchakato unasimama hapo, na sababu haitoki nje ya chumba kile. Familia inaambiwa tu kwamba hafai kuwa mtoaji. Kwenye kundi katibu ataandika: "Vipimo vya mdogo wetu havijakubali, tuendelee kuomba." Na mdogo mtu ataweka emoji ya mikono iliyokunjwa, kama wengine.